Washangiliaji wa shule ni wanamichezo au mapambo?

Mama Neema, Texas: Jamani, sherehe ya kutuza wanamichezo shuleni kwa binti yangu, vijana wa futiboli ya Kimarekani wameitwa jukwaani mmoja mmoja, vyeti, picha. Washangiliaji, yaani cheerleaders, wakaambiwa wasimame palepale walipo wapigiwe makofi, basi. Binti ana bandeji mkononi tangu Oktoba kwa kumdaka mwenzake anayerushwa juu. Ni haki?

Sijali Maneno: Dada, kazi yao ni kushangilia wanaocheza. Mpiga vuvuzela wa Yanga naye apewe medali? Na zile sketi sitaki hata kuzisemea.

Daktari wa Mtaa: Mpiga vuvuzela harushwi hewani. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishasema, 2012 kama sikosei, ushangiliaji uhesabiwe mchezo ili watoto wapate makocha na matibabu kama wenzao. Wanaumia vichwa hawa. Hata kamati ya Olimpiki imelitambua shirikisho lao.

Kaka Msomi: Ila mahakama ya Connecticut ilikataa kuuhesabu mchezo, 2010. Chuo cha Quinnipiac kilitaka kufuta voliboli ya wanawake kiweke ushangiliaji, jaji akasema bado haujapangika vya kutosha.

Mama Neema: Mimi bado niko kwenye sketi. Sijali, sketi ya mwanangu imekukosea nini?

Sijali Maneno: Sijamsema mtoto. Nasema kwetu tuna heshima zetu.

Bibi Ohio: Kwenu wapi, mwanangu? Harusi ile ya Columbus nani alizunguka na noti akiwatunza wakata viuno? Siku hiyo heshima uliiacha garini?

Sijali Maneno: Shikamoo Bibi. Ile ni mila. Na nilimtunza mpiga ngoma.

Mzee Kobe: Ushangiliaji ulianza na wanaume, Minnesota, 1898. Bush mdogo mwenyewe alikuwa mshangiliaji shuleni.

Sijali Maneno: Bush alivaa suruali.

Mzee Kobe: Kumbe ugomvi wako ni na fundi cherehani.

Kaka Msomi: Turudi kwenye mada. Jaji hakufunga mlango, alisema siku moja huenda…

Bibi Ohio: Msomi, ngoja kidogo. Marahaba, Sijali. Noti za kutunza ulikuwa nazo, mchango wa ukumbi uko wapi?

Sijali Maneno: Bibi, hayo tuongee pembeni.

Bibi Ohio: Pilau ulilila pembeni?

Daktari wa Mtaa: Na ukumbi wenyewe nani aliuchagua? Kiyoyozi kibovu, watoto wamelia usiku kucha.