Lushoto, Rombo au Babati–Kondoa? Siku mbili na kigari cha IST kutokea Arusha

Muuza_Chai: Wakuu habarini. Jumamosi namtembeza mama, tunalala usiku mmoja. Mbugani hatuingii, ni kuangalia nchi tu. Nimebaki na njia tatu hizo hapo juu. Shida moja: kona zikizidi, mama anatapika.

KonaZaSoni: Lushoto, hakuna mjadala. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za lami, unapanda huku joto linabaki chini. Maporomoko ya Soni mnayaona mkiwa barabarani. Asubuhi nendeni Irente, mkasimame ukingoni: Mazinde na mashamba ya mkonge yako chini yenu karibu mita 1,000. Lushoto yenyewe Mjerumani aliiita Wilhelmsthal. Ukipigwa na ile baridi utaelewa kwa nini alijenga huko.

GiaNambaMbili: Huyo amezificha kona zenyewe! Huku mwamba, huku korongo, na Coaster inashuka katikati ya barabara inapiga honi. Kuteremka weka gia ndogo. Mimi nilishuka nimekanyaga breki mwanzo mwisho, nafika Mombo matairi yanafuka moshi. Kwa mama wa hivyo, Babati. Lami hadi Dodoma, ziwa lenye viboko pale pale mjini, na kona za Bereko hazizungushi kichwa. Michoro ya miambani ya Kolo ni urithi wa dunia tangu 2006, ila njia ya kuifikia haitaki IST, na mwishoni mnapanda kwa miguu.

MigombaTupu: Mama apande mawe tena? Rombo jamani. Kuanzia Marangu ni vihamba, migomba na kahawa hadi ukingoni mwa barabara. Kilele cha Kibo cha Kilimanjaro kila mtu anakijua. Huku mnakiona kile kingine, Mawenzi na meno yake, mkono wa kushoto. Wahini alfajiri. Wingu likishuka mtaambiwa tu "mlima uko hapo".

Mzee_wa_50: Mkienda Lushoto, kipande cha Same–Mombo kimenyooka kinadanganya mguu. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki hazilali.

KonaZaSoni: Mama akae mbele, asile mafuta asubuhi, atafune tangawizi. Pale Soni simameni apumue.

Muuza_Chai: Nimemsomea mama yote. Ananiambia, "Mimi nilipanda Mtae, huko mbele ya Lushoto, juu ya magunia ya viazi kwenye lori, nina mimba yako. Unanitishia kona?" Basi ni Lushoto. Tangawizi nimeshanunua, anasema nile mwenyewe.