Naombeni ushauri: kupima moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, hapa Dar

Wakuu habarini, waifu ana mimba ya wiki 20 na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na tundu kwenye moyo, yuko kliniki pale JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) na anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Sasa hii ya pili tumepiga ultrasaundi ya kawaida huku Mbagala wakasema mtoto yuko poa, ila nijuavyo hata vyumba vinne vya moyo vikionekana sawa bado shida ya mishipa mikubwa inaweza kupita bila kuonekana, na aliyetanguliwa na ndugu mwenye tatizo hatari yake inapanda kidogo. Nataka mtoto apigwe eko ya moyo kabisa, yaani ultrasaundi maalumu ya kuangalia moyo wake akiwa tumboni. Dar nzima wapi kuna mtaalamu anayeijua hiyo kazi, bei ikoje, bima inalipa? Na wakikuta kitu, tujipange kujifungulia Muhimbili mapema? Waifu usingizi hapati jamani.