Mrejesho: Jirani aliyekuwa ananishushia bei ya vikapu Majengo

Wakuu, habari za majukumu. Niliwaomba ushauri kuhusu dada tunayepakana naye meza hapa Soko la Majengo, Dodoma: kila nikitoa kikapu kipya cha ukindu, naye anatoa kama hicho hicho kwa bei ya chini. Wengi mlisema nisishindane naye kwa bei. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Bei sikugusa. Mteja akija namgeuzia kikapu aone kitako kilivyosukwa kwa kubana, halafu namwambia avute mkono wa ngozi kwa nguvu zake zote. Akishavuta, habari za "kule wanapunguza" zinaishia hapo. Nimeongeza na vibuyu vya shanga, kazi ya Kigogo niliyofundishwa na bibi.

Kikubwa zaidi, nilimfuata yule dada tukaongea. Kumbe alikuwa anabanwa na mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, ndiyo maana alikuwa anauza kwa hasara. Iliniuma. Sasa ukindu tunanunua pamoja kwa jumla; yeye anashika mikeka, mimi vikapu, na wateja tunaelekezana.

Kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane tunataka tuchangie banda pale viwanja vya Nzuguni. Mwenye uzoefu wa kupata eneo, naomba anielekeze.