Ugali Accra: banku, tuo zaafi au tusage wenyewe?

Mama Wawili
Habari zenu wana Accra. Tuna miezi miwili hapa Madina, tumetokea Dodoma. Kilo 10 za sembe tulizobeba zimekata Jumapili. Nikanunua banku. Kitinda mimba wangu, miaka 6, kamega tonge, kalinusa, kauliza: "Mama, hiki kiporo?" Baba yake anakula kimya, ila kila tonge analisindikiza na maji. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Jirani wa Nima
Pole dada 😂 Si kiporo. Ni donge la mahindi na muhogo lililochachushwa makusudi. Mimi ningeanza na tuo zaafi, ugali wa watu wa kaskazini. Wenyewe wanafupisha "TZ". Siku ya kwanza kuona kibao nilidhani nimefika ubalozini. Ni laini, hausimami kama wetu, lakini hauna ule ukali wa banku. Na mboga yake ni ayoyo, yaani mlenda! Mtu wa Dodoma sina haja ya kumweleza zaidi.

Baba Dona
TZ tamu, sikatai, ila kwangu saa nne usiku watoto wanafungua friji. Mimi nasaga. Sokoni unanunua mahindi makavu kwa olonka, lile kopo la bati wanalopimia, unapeleka mashineni. Mashine wanaiita nika-nika. Sasa sikiliza shemeji, hapa ndipo nilipoumia: kutwa nzima zinasaga mahindi yaliyolowekwa, ya banku na ya kenkey (donge la mahindi yaliyochachushwa, hufungwa na kuchemshwa). Unga wangu wa kwanza ulitoka na uchachu, nikamtukana muuza mahindi bure. Siku hizi nawahi alfajiri mashine ikiwa kavu, na unga wa mwanzo mwanzo nawapa kuku wa jirani. Utapata dona, si sembe, kwa hiyo jiandae kununiwa wiki nzima.

Shangazi wa Tema
Mnahangaika na nini? Wangu wamezaliwa hapa. Kenkey ya Waga, wenyeji wa Accra, ile ya kufungwa kwa maganda ya mahindi, samaki wa kukaanga, shito, ile pilipili nyeusi ya mafuta, pembeni, kimya kinatawala. Nikipika ugali wananiuliza, "Mama umesahau chumvi?"

Mama Wawili
Shangazi umeniua 😂 Mrejesho: jana tumekula TZ na ayoyo. Mdogo kamaliza sahani. Mkubwa kasema ni uji uliokosea njia. Jumamosi naenda nika-nika. Baba Dona, alfajiri ndiyo saa ngapi?

Baba Dona
Kumi na mbili na nusu uwe mlangoni. Nenda na mfuko wako mwenyewe.

Mama Wawili
Sawa shemeji. Na dagaa je?

Shangazi wa Tema
Ulizia "Keta school boys".

Mama Wawili
Shangazi, niko serious.

Shangazi wa Tema
Na mimi pia, mwanangu. Ndivyo wanavyoitwa.