Tupeane uzoefu: kutangaza kufilisika Marekani ukiwa na kiwanja nyumbani, na kurudisha alama za mikopo baadaye

Mwenye uzi

Wakuu, swali hili hurudi kila Januari, bili za hospitali na za kadi za mkopo zilizotumika Krismasi zikigonga mlango siku moja. Tulikusanye mahali pamoja. Wanaoijua kazi walete wanachokijua: fomu, ada, muda, mitego. Habari za fulani wa kanisani aliyefilisika tuziache huko huko kanisani.

Kwa wageni: sheria ni ya shirikisho, lakini mali inayolindwa hutegemea jimbo, kwa hiyo ukiuliza taja jimbo. Sura ya 7 ya sheria hiyo hufuta madeni kwa miezi minne hivi, na mfilisi wa mahakama anaweza kuuza mali isiyolindwa. Sura ya 13 ni mpango wa kulipa kidogo kidogo miaka 3 hadi 5, mali unabaki nayo. Ada ya mahakama ni dola 338 kwa Sura ya 7 na dola 313 kwa Sura ya 13. Ya wakili ni mbali.

Mama Karani, Texas

Kabla ya mahakama, chukua karatasi uyagawe madeni mafungu mawili.

Yanayofutika: kadi za mkopo, bili za hospitali, mikopo ya mtandaoni, salio la gari lililonyang'anywa na kupigwa mnada, kodi ya nyumba uliyohama. Yasiyofutika: matunzo ya watoto, faini za makosa ya jinai, deni lililopatikana kwa ulaghai, na mkopo wa chuo (huo hadi ufungue shauri la pembeni kuthibitisha kwamba kuulipa kunakuvunja kabisa). Kodi ya mapato hufutika tu ikiwa masharti haya yametimia yote kwa pamoja: ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ilitakiwa zaidi ya miaka 3 iliyopita, uliiwasilisha zaidi ya miaka 2 iliyopita, na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) iliikadiria zaidi ya siku 240 zilizopita. Moja likipungua, deni hilo linabaki nawe.

Fungu la pili likiwa ndilo kubwa, kufilisika hakukusaidii kitu.

Na kama tatizo ni hospitali peke yake, simama kwanza. Hospitali isiyo ya faida inatakiwa na sheria iwe na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu kupeleka maombi. Omba fomu kwenye dirisha la malipo, ambatisha hati za mshahara na ritani. Wengi wanakimbilia kwa wakili bila hata kuiomba fomu hiyo, na wakili wa haraka haraka hatakukumbusha.

Jambo jingine: kampuni za "tutakupunguzia deni nusu" hazikwambii kwamba kiasi kilichosamehewa huhesabiwa kuwa kipato. Mwaka unaofuata unapokea fomu 1099-C, na IRS inakudai kodi yake. Deni lililofutwa na mahakama ya ufilisi halihesabiwi hivyo. Unajaza Fomu 982 na mambo yanaishia hapo.

Bwana Fomu

Niongeze kuhusu kipimo cha kipato, Fomu 122A-1, maana hapa watu wa maghala na wauguzi wasaidizi ndipo wanapokwama.

Mahakama haiangalii mshahara wa leo. Inachukua wastani wa miezi 6 kamili kabla ya mwezi unaofungua kesi, inazidisha kwa 12, inalinganisha na kipato cha kati cha jimbo kwa idadi ya watu wa nyumba yako. Ukiwa chini umepita. Ukiwa juu, kuna hesabu ndefu ya matumizi, na huenda ukasukumwa kwenye Sura ya 13.

Sasa tazama. Umepiga ovataimu nzito Novemba na Desemba. Ukifungua Juni, hesabu inaanzia Desemba. Ukifungua Julai, inaanzia Januari. Mwezi mmoja wa subira unaweza kubadilisha jibu lote, na si udanganyifu. Sheria ndivyo ilivyoandikwa. Ila kama mshahara wako umeshaanza kukatwa kwa amri ya mahakama, pima hasara ya kusubiri.

Watu wa nyumbani kwako ni wale mnaoishi nao. Wazazi walio Kisumu au Mwanza kwa kawaida hawaongezi idadi. Lakini Fomu 106J, ya matumizi ya mwezi, ina mstari wa matunzo ya watu msioishi pamoja. Pesa unayotuma kila mwezi iandike pale, na uwe na risiti za kutuma zinazolingana na ulichoandika.

Kipepeo_Houston

Mimi swali. Kiwanja kiko Kitengela, hati ina jina la kaka. Kisheria si changu, au siyo?

Mama Karani, Texas

Mdogo wangu, ni chako, na kitaje.

Kifungu cha 541 kinasema mali ya anayefilisika ni popote ilipo, kwa yeyote aliyeishika. Kama pesa zilikuwa zako na kaka ameshika jina tu, una maslahi ndani yake. Inaandikwa kwenye Fomu 106A/B, ya orodha ya mali, pamoja na maelezo kwamba hati iko kwa kaka. Vivyo hivyo nyumba ya nusu ujenzi, hisa za SACCO, gari linalofanya kazi ya teksi Dodoma, na mchango wako kwenye chama. Chama kikizungusha pesa na zamu yako haijafika, ulichokwisha kuweka ni mali.

Shamba la baba aliye hai na mwenye hati yake ni kitu kingine. Bado huna haki humo. Ila baba akifariki ndani ya siku 180 baada ya kufungua, urithi wako unaingia kwenye kesi na unapaswa kuijulisha mahakama.

Watu wanasema mfilisi wa Houston ataijuaje Kitengela. Ataona miamala ya benki ya "plot balance". Atakuuliza chini ya kiapo. Mtalaka wako atampigia simu. Ukikamatwa umeficha, unanyimwa kufutiwa madeni yote chini ya kifungu cha 727, madeni yanabaki na mali inachukuliwa. Na kuficha mali ya ufilisi ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5.

Ukitaja, mara nyingi mambo ni mepesi kuliko hofu. Texas inakuruhusu uchague orodha ya kinga (mali ambayo mfilisi haigusi) ya shirikisho, na tangu Aprili 2025 ina kinga ya kuwekwa kwenye mali yoyote: dola 1,675, pamoja na hadi 15,800 ya kinga ya nyumba usiyoitumia. Jumla 17,475. Kiwanja cha dola 9,000 kinaingia humo na nafasi inabaki. Kikiwa cha 40,000, mfilisi anapiga hesabu ya wakili wa Nairobi, dalali na kodi, kisha mara nyingi anakubali umlipe kiasi fulani ukibaki nacho. Hapo usiende bila wakili.

Mzee wa Ohio

Texas, Minnesota, Pennsylvania, Washington, Massachusetts: unachagua orodha ya kinga, ya shirikisho au ya jimbo. Ohio, Georgia, North Carolina, Indiana, Virginia: huchagui, unatumia orodha ya jimbo, na zingine ni finyu sana kwa kiwanja. Na ukihama usidhani unabeba kinga ya jimbo jipya. Lazima uwe umeishi humo siku 730 kabla ya kufungua. La sivyo wanarudi kwenye jimbo ulilokaa zaidi ndani ya siku 180 zilizotangulia hizo 730. Waliohama Columbus kwenda Dallas mwaka jana, hilo linawahusu.

Bwana Fomu

Mitego ya pesa za ndugu, maana hii ndiyo inayoharibu kesi zetu kuliko kitu kingine.

Ukimlipa dada dola 3,000 alizokukopesha, halafu ukafungua ndani ya mwaka mmoja, mfilisi anaweza kumfuata dada azirudishe. Kwa mdai wa kawaida dirisha ni siku 90, kwa malipo yanayofika dola 600. Moyo unataka kumlipa ndugu kwanza, sheria inataka wadai wote wasimame foleni moja. Ukishafutiwa, hakuna anayekuzuia kumlipa dada kwa hiari. Subiri tu.

Kuhamisha mali, mfano kumpa mke logibuku ya gari au kumwandikia mjomba kiwanja, Fomu 107, ya historia ya fedha zako, inauliza miaka 2 nyuma. Inauliza pia zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka hiyo 2. Harusi na misiba mliyochangia inahesabika hapo. Andika. Kuchangia mazishi si kosa, kosa ni kuacha mstari wazi.

Marejesho ya kodi nayo ni mali. Ukifungua Februari huku unaidai IRS dola 7,000, hizo ni za kesi hadi zipate kinga. Njia safi: zipokee kwanza, zitumie kwa kodi ya nyumba, chakula, tairi, ada ya wakili, tunza risiti. Usimtumie mtu.

Mkalimani wa Minnesota

Mkutano wa wadai, kifungu cha 341, hupangwa siku 21 hadi 40 baada ya kufungua Sura ya 7. Siku hizi ni kwa Zoom, na mara nyingi dakika kumi haziishi. Wadai wenyewe hawaji. Mfilisi anauliza: umesoma fomu kabla ya kusaini? umetaja mali yote? unamdai mtu? kuna mali nje ya Marekani? Kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya Social Security viwe mkononi. Ritani ya karibuni imfikie siku 7 kabla.

Mkalimani ni bure, wa simu, analipwa na serikali. Mwambie wakili aombe mapema na aseme Kiswahili gani. Mtu wa Uvira au Bujumbura akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Unguja kwenye maneno ya sheria, majibu yanakwenda upande. Kama Kinyarwanda au Kirundi ndiyo lugha unayoimudu, omba hiyo. Mwanao asikutafsirie.

Madarasa ni mawili, watu hukumbuka la kwanza tu. La ushauri lifanywe ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Bila cheti chake kesi inatupwa. La pili, la usimamizi wa pesa, lifanywe kabla ya siku 60 kupita tangu tarehe ya kwanza iliyopangiwa mkutano wa 341. Ukilisahau, kesi inafungwa bila madeni kufutwa, na kuifungua tena ni dola 260.

Kipepeo_Houston

Asante Mama Karani. Na gari? Lina mkopo, na shemeji aliweka sahihi pamoja nami.

Mzee wa Ohio

Hapo kwa shemeji pana uzito. Sura ya 7 inakulinda wewe peke yako. Deni likifutwa kwako, mkopeshaji anamgeukia yeye siku hiyo hiyo. Sura ya 13 humlinda pia mdhamini kwa deni la matumizi ya nyumbani, mradi mpango unalilipa. Kama ulinunua zaidi ya siku 910 kabla ya kufungua, kwenye Sura ya 13 unaweza kulipa thamani ya gari badala ya deni lote, lakini salio mkopeshaji atalidai kwa shemeji. Ongea naye kabla barua ya mahakama haijamfikia.

Thamani inayolindwa ni ile iliyo yako. Gari la 14,000 lenye deni la 10,500, yako ni 3,500, na kinga ya gari ya shirikisho ni 5,025. Mkopeshaji atakuletea mkataba wa kulithibitisha deni upya. Ukisaini, deni linakuwa kama halikuwahi kupita mahakamani. Una siku 60 tangu uwasilishwe mahakamani, au hadi siku ya kufutiwa madeni, lolote litakalochelewa, kuubatilisha.

Dada Akiba

Mikopo ya nyumbani: itaje pia, hata ya SACCO ya Nakuru. Lakini amri ya mahakama ya hapa haimzuii SACCO kukata akiba za wadhamini wako kule, wala haiondoi jina lako CRB, kwenye rekodi za wadaiwa za kule.

Sasa baada ya kufutiwa. Sura ya 7 hukaa kwenye ripoti ya mikopo miaka 10 tangu kufungua, Sura ya 13 kwa kawaida 7. Miezi miwili au mitatu baada ya amri, chukua ripoti zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, bure kwenye annualcreditreport.com. Kila deni lililofutwa lisomeke salio sifuri na limejumuishwa kwenye ufilisi. Likisomeka bado unadaiwa, pinga kwa maandishi ukiambatisha amri. Wana siku 30 za kuchunguza. Hatua hii inazidi kadi zote kwa faida, na hairukwi.

Kisha kadi ya dhamana (ya mkopo, unayoitangulizia amana), weka dola 200 au 300, hakikisha inaripoti kwa kampuni zote tatu. Tia mafuta ya dola 20, lipa kabla ya tarehe ya kufunga hesabu, salio linaloripotiwa libaki chini ya asilimia 10 ya kikomo. Kadi moja inatosha mwanzoni. Miezi michache baadaye ongeza mkopo mdogo wa kujenga historia kwenye chama cha akiba cha huku, dola 500 kwa miezi 12. Anayetaka umlipe kabla ya kazi ili "asafishe" alama zako anavunja sheria ya shirikisho. Na wauza magari watakuandikia barua wiki ile ile ya amri, riba asilimia 20 na kitu.

Kipepeo_Houston

Nyumba je? Na uraia?

Dada Akiba

Kufilisika si kosa la jinai na hakukunyimi kadi ya kijani wala uraia. Uongo kwenye kiapo ndio unaoweza kukunyima.

Nyumba: mkopo wa FHA (unaodhaminiwa na serikali) baada ya Sura ya 7 ni miaka 2, wa kawaida miaka 4. Wanahesabu kutoka siku ya amri ya kufutiwa, si siku uliyofungua. Ukiwa kwenye Sura ya 13, FHA hukubali baada ya malipo ya miezi 12 kwa wakati, kwa ruhusa ya mahakama. Nakala ya amri iweke pamoja na ritani zako; afisa wa mkopo ataiomba pamoja na orodha ya madeni yote uliyotaja.