Nuru ya NGC 1316 na mjusi wa Tendaguru, kipi cha kale zaidi?

Babu wa Mchinga:
Habari za leo, wanajukwaa. Juzi saa sita usiku, mwezi haupo, nilikuwa ufukweni hapa Mchinga. Nilifudikiza mtumbwi nikaegemeza juu yake darubini yangu ya mkononi, 10x50, mikono isitetemeke. Upande wa kusini, juu sana, kwenye kundi la nyota la Fornax, nikaona kidoa cha ukungu, hafifu kama pumzi kwenye kioo: NGC 1316, galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa sana wa nyota. Misimu miwili nimeitafuta galaksi hiyo! Mjukuu wangu, miaka tisa, akauliza: "Babu, nuru hii iliondoka huko mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, akiwa hai?" Mifupa ile Wajerumani waliichimba hapa kwetu Lindi 1909 hadi 1913, iko Berlin mpaka leo, na mtoto anaijua habari yake vizuri. Sitaki kumdanganya.

Binti Mikindani:
Shikamoo babu. Mwambie hapana. Makadirio mengi ya umbali wa NGC 1316 ni kati ya miaka ya nuru milioni 60 na 70, yaani nuru yake imesafiri miaka mingi kiasi hicho kukufikia. Mjusi wa Tendaguru aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Nuru hiyo ilipoanza safari, mifupa yake ilikuwa imelala ardhini zaidi ya miaka milioni 80. Wanaokaribiana na nuru yako ni dinosaria wa mwisho kabisa, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Taa ya Dagaa:
Umbali huo wameupimaje, jamani? Kamba hakuna.

Binti Mikindani:
Kwa nyota zinazolipuka. Mle zimeonekana nne: 1980, 1981, na mbili 2006. Aina ile ya mlipuko ukali wake halisi unajulikana, kwa hiyo ikionekana hafifu unakokotoa iko mbali kiasi gani. Ni kama wewe unavyokisia mashua ya mwenzio kwa mwanga wa karabai. Na babu, galaksi hiyo ni ya umbo la dengu: katikati imetuna, sahani imeizunguka, mikono ya nyota iliyojipinda haina. Vumbi lililomo ndani ni mabaki ya galaksi ndogo ilizozimeza.

Babu wa Mchinga:
Marahaba, mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimemweleza. Amechukua dengu jikoni, ameilaza kiganjani, anaigeuza ubavu. Anataka kuiona tena galaksi kesho, kabla mvua hazijaanza. Taa ya Dagaa, kesho mnavulia upande gani? Taa zenu zikiwa mbele yetu hatutaona kitu.