Naomba ushauri: GitHub, GitLab, Bitbucket au seva yetu wenyewe ofisini?

#1 Kijana_wa_Mori
Wakuu habari za jioni. Tuna kampuni ndogo ya kutengeneza mifumo, na mpaka leo tunapeana kazi kwa zipu kwenye grupu la WhatsApp na fleshi. Juzi mteja kaja ofisini, tukafungua folda ya MFUMO_FINAL_2 kumwonyesha, kumbe marekebisho ya riba yako kwenye MFUMO_FINAL_2_SAHIHI, ambayo iko kwenye laptopu ya mwenzetu, na mwenzetu yuko ndani ya mwendokasi simu imezima. Aibu niliyoiona sitaki kuirudia. Bosi kasema mwisho wa mwezi tuwe tumehama. Kati ya hizo nne za kuweka msimbo wa programu zetu mahali pamoja, ipi nzuri? Nawasilisha.

#2 chatu_mweusi
GitHub. Uzi ufungwe.

#3 mama_seva
Ufungwe vipi na hatujui hata mko wangapi? Mleta mada, umeuliza kama mtu anayeuliza "gari gani nzuri" bila kusema anabeba abiria au kokoto. Mko wangapi? Bajeti? Mafaili ya aina gani? Mteja ana masharti? Na kuna anayeijua Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, hapo, au wote mnaanza?

#4 nimekaa_pale
Nipo pale nimekaa, nasubiri wajuvi.

#5 fundi_wa_Gitea
Weka Gitea, yaani kama GitHub ila ya kujiwekea wenyewe, kwenye kompyuta yoyote ya zamani hapo ofisini, maliza. Sisi tumeiweka kwenye desktopu iliyokuwa inakula vumbi chini ya meza ya mhasibu.

#6 Mzee_wa_Posta
Kabla hamjaenda mbali, mtofautishe vitu viwili. Git ni programu, aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 baada ya watu wa kernel (kiini) ya Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, chombo chao cha kazi hiyohiyo. GitHub ni mahali pa kuweka kazi ya Git, imekuja 2008, na Microsoft wakainunua 2018. Kijana anauliza mahali pa kuweka, lakini naona hata chombo chenyewe hajakishika. Na kusema kweli, kwa watu wenye mafaili ya picha, Subversion (SVN), chombo cha zamani cha kazi hiyohiyo, bado inafaa. Unalifunga faili, mwenzako hawezi kuligusa mpaka umalize.

#7 chatu_mweusi
Shikamoo mzee. SVN tena? 😂

#8 Mzee_wa_Posta
Marahaba. Cheka tu. Siku watu wawili watakapohariri PSD (faili la Photoshop) moja kwa wakati mmoja, mwambie Git awaunganishie.

#9 Kijana_wa_Mori
Samahani wakuu, nilikuwa barabarani. Tuko 7: wanne tunaandika programu, mmoja wa graphics, wawili wa field kutoka chuo. Bosi anasema isizidi elfu 50 kwa mwezi. Mfumo ni wa SACCOS, na mteja hataki data itoke nje ya nchi. Mzee kanipiga palepale, PSD zipo na nyingine zinafika MB 300. Git naijua mimi peke yangu, nusu.

#10 mama_seva
Ungeanza na hayo. Saba ndiyo inayowakata. GitLab ile ya mtandaoni, kundi la siri la bure mwisho watu 5. Bitbucket ya bure nayo mwisho 5. GitHub haina kikomo cha watu kwenye repo (folda ya mradi na historia yake) ya siri tangu Aprili 2020, ila ukitaka kulilinda tawi la main (mstari mkuu wa kazi) lisipushiwe, yaani lisipandishiwe kazi, na kila mtu, kwenye repo ya siri unalipia. Mpango wao wa kulipia, Team, ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Mara saba ni dola 28, piga na dola ya leo uone kama elfu 50 ya bosi inafika.

Halafu PSD ya MB 300 GitHub hawapokei, faili moja mwisho MB 100, hivyo lazima LFS, nyongeza ya Git ya mafaili makubwa. GitLab ya kujiwekea mwenyewe haina kikomo cha watu lakini inakula RAM kama mchwa, usiiguse bila GB 8. Gitea inatosheka na GB 1, na kulinda tawi ni bure.

Kwa hesabu hizo namuunga mkono fundi, shingo upande.

#11 fundi_wa_Gitea
Shingo upande ya nini tena dada?

#12 mama_seva
Kwa sababu ukienda likizo, hakuna anayejua paswedi ya hiyo desktopu ya chini ya meza.

#13 chatu_mweusi
Hapo sasa. GitLab wenyewe tarehe 31 Januari 2017 injinia wao alifuta database kwenye seva isiyo yenyewe, GB 300 hivi, na njia zao za bakapu zikagoma karibu zote. Wakapoteza kama saa 6 za kazi za watu. Hao ndio wanaokula na kulala na Git. Wewe na desktopu ya mhasibu?

#14 fundi_wa_Gitea
Malizia hadithi basi. Repo zenyewe hazikuguswa. Na wewe na GitHub yako, tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika ulikuwa unapushi wapi? Sisi wiki ile tulifanya kazi kama kawaida, PR (maombi ya kuunganisha kazi) zinapita kwenye waya wa ofisi.

#15 chatu_mweusi
Nilikuwa nakomiti (nahifadhi hatua za kazi) kwenye laptopu yangu kama kawaida, maana Git haihitaji intaneti kukomiti. Mwenzangu akiihitaji kazi yangu, `git bundle`, naiweka kwenye fleshi, anaivuta na historia yake yote. Tatizo liko wapi?

#16 nimekaa_pale
Kwa hiyo tumerudi kwenye fleshi 😂😂

#17 binti_komiti
Mimi sina timu kwenye hilo, ila kuna jambo mnaliruka. Ngoja niwasimulie.

Ofisi yangu ya zamani tulikuwa wanne, mfumo wa ada za shule, repo iko mtandaoni, tawi la main liko wazi kwa kila mtu. Ijumaa moja kijana wa field anapushi, Git inamkatalia, inamwambia kuna kazi za wenzako huna, vuta kwanza. Yeye akachukua ule ujumbe, akautafuta kwenye intaneti, jibu la kwanza kabisa likamwambia aongeze `--force`, yaani alazimishe. Akaongeza. Ikakubali. Akafurahi, akaenda kula chipsi.

Saa nane mchana navuta, naona historia imepinda. Kazi za wiki mbili za watu watatu hazipo kwenye seva. Kibaya zaidi, mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshazoea kuandika `git fetch` na `git reset --hard origin/main`, yaani kuifanya main yetu iwe sawa na ya seva, kila tukirudi mezani, kwa hiyo hata kwetu main ikawa ile ya kijana. Yangu niliipata kwenye `git reflog`, kumbukumbu ya Git ya laptopu yangu mwenyewe, lakini ilikosa mambo ya Alhamisi.

Aliyebaki na main nzima ni dada mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa ameenda Morogoro msibani. Nampigia, nasikia watu wanaimba. Nikaona haya, nikakata. Baadaye kanipigia mwenyewe: "Kuna nini, mbona umekata?" Nikamweleza. Akaja nyuma ya turubai, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, laptopu magotini, chaji asilimia 11. Namsomea amri kwa simu herufi moja moja. Cha kwanza nilimwambia asivute kitu chochote, apushi tu main yake kwenye tawi jipya, tulipe jina la okoa. Bando likaisha katikati. Shemeji yake akamrushia. Asilimia 4 ikapita.

Jina la tawi lipo mpaka leo kwenye repo ile, `okoa`. Kijana hatukumfukuza, ni sisi tuliomwachia main bila kufuli. Hiyo dola 4 ambayo bosi wako anaionea uchungu ndiyo kufuli yenyewe.

#18 Mzee_wa_Posta
Pole sana. Kwenye SVN isingetokea.

#19 binti_komiti
Mzee 🙏

#20 mama_seva
Na kama ni lazima kulazimisha, wafundishwe `--force-with-lease`. Inagoma kama kuna kazi ya mwenzako imeingia kwenye seva nawe hujaiona.

Mleta mada, nirudi kwa mteja wako. Msimbo wa programu si taarifa za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahusu taarifa za watu. Ukiweka msimbo mtupu kwenye seva ya nje, hakuna jina la mwanachama lililosafiri. Ila hakikisha ndani ya folda hakuna faili la .sql (kopi ya database) lenye wanachama.

#21 Kijana_wa_Mori
Lipo. backup_machi.sql. Majina, namba za simu, mikopo, kila kitu. Tunalitumia kujaribia.

#22 mama_seva
Na hiyo folda mmekuwa mkiipitisha WhatsApp?

#23 Kijana_wa_Mori
Ndiyo.

#24 mama_seva
Basi data ya mteja wako ilishatoka zamani, iko kwenye simu za watu saba pamoja na wa field wa mwaka jana. Litoe KABLA ya komiti ya kwanza. Ukishalikomiti halafu ukalifuta kesho, linabaki kwenye historia, itabidi uhangaike kuisafisha kwa `git filter-repo`. Tengeneza wanachama wa bandia wa kujaribia.

#25 nimekaa_pale
Sasa nimesimama.

#26 fundi_wa_Gitea
Sababu nyingine ya kuweka ofisini.

#27 chatu_mweusi
Ofisini kwenye umeme upi? LUKU ikikata katikati ya kupushi je?

#28 fundi_wa_Gitea
Kuna UPS, betri ya akiba. Na kila usiku kopi inapanda kwenye diski ya nje, naenda nayo nyumbani Tabata.

#29 Mzee_wa_Posta
Kwenye daladala?

#30 fundi_wa_Gitea
Kwenye begi mzee, nimelipakata.

#31 Kijana_wa_Mori
Nashukuru wote. Nimeongea na bosi, anasema dola 28 hapana, ila alipofika kwenye kisa cha Morogoro akanyamaza kidogo. Jumatatu tuna kikao. Kwa sasa nimewaambia watu wafute zipu kwenye simu zao, wawili hawajajibu. Fundi, hiyo UPS ulinunua wapi na inashika dakika ngapi?

#32 fundi_wa_Gitea
Kariakoo, iliyotumika. Mwanzo ilishika dakika 20, sasa hivi 6. Betri imechoka.

#33 nimekaa_pale
Betri ya UPS msinunue iliyotumika jamani. Mimi ilivimba mpaka ikapasua kasha. Kuna anayejua mtu wa kubadilisha betri maeneo ya Mwenge?